Nyumba Nyepesi, Msingi Mzito

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea tangu mwezi wa kwanza, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeacha kazi au nimeoa kimyakimya. Wala. Nilikuwa shimoni. Na hapa sisemi kwa mafumbo: nilikuwa ndani ya shimo lenye kina cha mita mbili na ushee huko Kibaha, nimeshika tochi, fundi amesimama juu yangu ananiambia, "Bosi, gusa hapo ubavuni. Umeziona hizo nyufa? Hicho ndicho kitakachokula nyumba ya mama yako."

Leo nitawasimulia habari za shimo hilo, maana wengi wetu humu tuko kwenye umri uleule. Tumemaliza shule, tuna kazi za kuungaunga, tuna kiwanja mahali fulani (au tunakilipia kidogo kidogo), na tumechoka kupanga. Na siku hizi kila ukifungua simu unakutana na picha ya nyumba ndogo nzuri, asubuhi imeshushwa kwenye lori, jioni ina mapazia. Mimi picha hizo zilinikamata kweli kweli.

Mambo yalianza hivi. Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Kwa sehemu ya kiinua mgongo chake alinunua kiwanja Kibaha, kilomita chache kutoka Mailimoja, karibu na kwa mjomba. Sehemu iliyobaki akaiweka benki, akasema hiyo ni ya kujengea, haiguswi hata kwa ugonjwa wake mwenyewe. Yeye alikuwa anaishi kwenye vyumba viwili vya kupanga Tabata. Mwezi wa kumi mwenye nyumba akamwita, kwa heshima zote, akamwambia mwanawe anaoa na vyumba vinahitajika. Akampa miezi sita.

Miezi sita kujenga nyumba ya tofali kwa hela za mwalimu na mwandishi? Mnajua wenyewe tunavyojenga. Mwaka wa kwanza unanunua tofali mia tano, unazipanga kiwanjani ili watu wajue pana mwenyewe. Mwaka wa pili unachimba msingi. Ukishaupandisha unaanza kutembea kifua mbele, ukiulizwa unasema "niko kwenye msingi", na unaweza kubaki kwenye msingi huo mpaka mtoto aliyezaliwa siku ya kuchimba aanze darasa la kwanza. Kwetu msingi ni ahadi, ni alama ya mpaka, ni kitambulisho cha utu uzima. Nyumba yenyewe itakuja Mungu akipenda.

Nyumba ya paneli inageuza utaratibu huo kichwa chini miguu juu. Kuta na paa vinatengenezwa karakana: bati jembamba pande mbili, katikati povu gumu, na fremu ya chuma ya kuvishikilia. Kila kipande kinakuja kimeshakatwa kwa kipimo, kinafungwa kwa bolti na skrubu. Nikaenda kwa wauzaji. Kijana wa mauzo, shati limenyooka, akanikaribisha soda, akanionyesha nyumba ya mita 6 kwa 8: vyumba viwili, sebule, jiko dogo na bafu. Nikauliza habari za joto, za kelele za mvua, za moto. Mwishoni nikauliza, "Na msingi je?" Akacheka kidogo. "Kaka, hii nyumba ni nyepesi. Haihitaji msingi wa maana. Mwaga jamvi la inchi nne, sisi tunakuja, siku tano tumemaliza."

Nikaandika kwenye daftari: jamvi, inchi 4. Nikapiga mstari chini yake.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari. Mhariri wangu angenifukuza ofisini kwake kama ningempelekea habari yenye chanzo kimoja, tena chanzo chenyewe ndiye muuzaji. Lakini kwenye hela ya mama nilisahau shule yote. Ile sentensi ilikuwa tamu, na ina mantiki, au siyo? Mzigo mdogo, mbebaji mdogo. Niliondoka nayo mdomoni mpaka Kibaha kwa mjomba, kumpa habari njema.

Nikamkuta mjomba ameung'oa mlango wake wa mbele, ameulaza kwenye viti viwili, anauranda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Shika huko mwisho usiteleze."

Nikamuuliza mlango umefanya nini. Akasema kila mvua zikichanganya unakwama, anauranda. Kiangazi kikifika unaacha upenyo wa kupitisha panya. Hiyo ilikuwa mara ya nne. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Kwenye kona ufa ulikuwa umepanda kama ngazi, tofali kwa tofali, kutoka chini mpaka dirishani. Kidole changu cha mwisho kiliingia. Nyumba yenyewe ya heshima, ya tofali, ina miaka kumi na mbili tu. Mjomba ana maelezo yake: fundi aliiba saruji. Miaka yote hiyo hasalimiani na huyo fundi, hata wakikutana msibani.

Jamani, huenda yule fundi wa watu hakuiba hata kilo moja.

Nilipiga picha ule ufa, nikamtumia dada mmoja niliyesoma naye sekondari, sasa ni mhandisi wa ujenzi. Nilitaka tu aniambie mjomba azibe na nini. Akajibu kwa mistari miwili: "Hicho kiwanja chenu kiko umbali gani na hapo? Usimwage chochote. Chimba shimo kwanza."

Jioni akanipigia, akanipa somo. Kuna aina ya udongo wa mfinyanzi ambao chembe zake zina tabia ya kunywa maji. Maji yanaingia katikati ya tabaka nyembamba mno za chembe hizo na kuzitenganisha, udongo unavimba. Jua likiwaka maji yanatoka, udongo unasinyaa na kupasuka. Wale mliokulia kwenye mbuga za udongo mweusi mnaujua: kiangazi nyufa zinameza mguu wa mbuzi, masika gari halipiti. Kumbe si lazima uwe mweusi, na si lazima uuone juu. Unaweza kujificha chini ya mchanga.

Akaniambia pia kwamba mwaka 2008 mtafiti Charles Lucian aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika chuo cha KTH, Stockholm, kuhusu majengo yanayosimama juu ya udongo unaovimba. Na mji aliouchunguza ni upi? Kibaha. Yaani mimi nimepita Kibaha mara ngapi kufuata habari za ajali na za uchaguzi, na habari iliyopasua nyumba ya mjomba imelala maktabani miaka yote hiyo.

Lakini kilichoniondolea usingizi ni hiki. Nilimwambia, "Sisi haituhusu sana, dada. Nyumba yetu nyepesi." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Ndiyo maana inawahusu kuliko mjomba wako."

Tufanye hesabu pamoja, msikimbie. Chukua nyumba ya mita 6 kwa 6. Ukiijenga kwa tofali za inchi sita utatumia kama tofali 650 kwa kuta za nje na za ndani. Tofali moja lina kilo 30 hivi. Hizo ni karibu tani 20, kuta peke yake. Nyumba ya paneli ya ukubwa huohuo, fremu, kuta na paa vyote pamoja, ilikuwa na tani 4 hivi kwa karatasi za muuzaji. Ukizigawa kwenye mita 36 za mraba ni kama kilo 110 kwa kila mita. Udongo unaovimba ukinywa maji unaweza kusukuma juu kwa nguvu ya tani 10 kwa mita ya mraba, na mwingine zaidi ya hapo. Kilo 110 dhidi ya tani 10! Nyumba nzito angalau inabishana kidogo na udongo. Nyumba nyepesi inanyanyuliwa kama sinia la chai.

Na hainyanyuliwi sawasawa, hapo ndipo ubaya ulipo. Ingepanda yote kwa pamoja na kushuka yote kwa pamoja tusingekuwa na ugomvi. Mvua inalowesha kingo za jamvi kwanza, katikati pamekauka, kingo zinapanda. Kiangazi kingo zinakauka na kushuka, katikati pamebaki na unyevu, nyumba inakaa kama mtu aliyekalia jiwe. Jamvi la inchi nne linakatika. Paneli zilizokatwa kwa milimita zinaachana kwenye maungio, maji yanaingia, milango inakwama. Kumbukeni mlango wa mjomba.

Basi nikatafuta fundi. Nikampata mzee mmoja wa palepale ambaye amechimba visima na vyoo vya nusu ya mtaa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nataka kisima au choo. Nikamwambia nataka shimo tu. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa, lakini akachimba, na alipopita kimo cha mtu akazuia kingo kwa mbao ili zisitufukie. (Tafadhali msiingie shimo refu lisilo na mbao. Udongo ukiporomoka hausubiri mtu atoke.)

Sentimita 40 za juu zilikuwa mchanga mzuri mweupe, ule ambao muuzaji wa kiwanja aliusifia. Chini yake kikaanza kitu cha kijivu kilichokolea, kinashika sululu na hakiachii. Ubavuni kulikuwa na nyufa, na mizizi imepenya ndani ya nyufa hizo, mpaka kama mita 1.8. Baada ya hapo nyufa zikakoma, mizizi ikakoma, ukaja udongo wa mchanga mgumu wa rangi ya njano, una unyevu kidogo. Mhandisi alipokuja Jumamosi alishuka mwenyewe, akagusa pale nyufa zilipoishia, akasema, "Hapa juu udongo unapumua. Hapa chini umetulia. Msingi wako uanzie ulipotulia."

Nikataka na mimi nijiridhishe kwa macho yangu. Mama akaazima silinda ya kupimia kwa mwalimu mwenzake wa zamani wa kemia. Tukakausha ule udongo wa kijivu, tukausaga kwenye kinu, tukauchekecha, tukapima mililita 10 za unga wake, tukaumimina taratibu kwenye maji, tukauacha utulie. Kesho yake ulikuwa umefika alama ya 19. Umeongezeka asilimia 90. Wahandisi huwa wanasema chini ya asilimia 50 kwa kawaida hauleti tabu, na ukifikia 100 majengo mepesi yako hatarini. Kipimo hicho cha jikoni hakitoshi kujengea, na sampuli zetu zilipelekwa maabara kabla ya uamuzi. Lakini mama alikaa akiangalia ile silinda kwa muda mrefu. Hela yake yote ya miaka 34 ya chaki ilikuwa inakwenda kukalia kitu kile.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mhandisi alitupangia njia nne mezani, na nitazitaja kwa sababu kiwanja chako kinaweza kuwa tofauti na chetu.

Ya kwanza ni jamvi la zege juu ya ardhi. Kama umechimba ukakuta mchanga uliokaa vizuri au moramu ngumu, hiyo ndiyo inayofaa: ni rahisi, haina ngazi, chini haikai paka wala nyoka. Lakini hata huko si kumwaga tu. Unaondoa udongo wa juu wenye mizizi, unashindilia, unatandika nailoni nzito kuzuia unyevu, unanenepesha kingo, unaweka nondo, na unaacha bolti za kushikia fremu. Kwetu sisi ilikataliwa.

Ya pili ni msingi wa mkanda, huu tuliouzoea: unachimba mtaro kuzunguka, zege chini, tofali juu. Mjomba ndio aliojenga, kina cha sentimita 60, katikati kabisa ya udongo unaopumua. Ili ufanye kazi kwetu ungeshuka zaidi ya mita mbili mzunguko mzima.

Ya tatu ni kuutoa udongo mbaya na kuleta mzuri: unachimba eneo lote na ziada pembeni, unajaza moramu, unaishindilia tabaka kwa tabaka. Inawezekana mahali ambapo mfinyanzi ni wa nusu mita. Wetu tulipiga hesabu ya malori, tukafunga daftari.

Ya nne ni nguzo. Mashimo machache yanayoshuka mpaka udongo uliotulia, chini kitako cha zege, juu yake nguzo, na nyumba inakaa juu ya nguzo ikiwa imeachana na ardhi. Udongo uvimbe, usinyae, ufanye utakavyo huko chini, hauigusi. Njia hii ina ndugu zake duniani. India, ambako wana mbuga kubwa za udongo mweusi, taasisi ya utafiti wa majengo ya Roorkee ilitengeneza nguzo za zege zilizovimba kwenye kitako kwa ajili ya udongo wa namna hiyo. Na kwa nyumba ya paneli njia hii inafaa hasa, kwa sababu fremu ya chuma inaweza kuruka kutoka nguzo hadi nguzo. Tofali hazina ubavu huo bila boriti nzito.

Nikadhani tumemaliza. Nilikuwa sijamuuliza mwenye nyumba.

"Nyumba juu ya miguu?" mama akasema. "Kama kihenge?"

Nikajaribu kuchekesha. Nikamwambia kihenge cha bibi kilisimama juu ya miguu na hakikuwahi kupata ufa. Hakucheka. Akasema kihenge ni cha mahindi. Yeye ni mtu, tena mtu mwenye magoti mabovu, na amesubiri maisha yake yote akanyage sakafu yake mwenyewe iliyokaa chini kama sakafu ya watu. Majirani watasema mwalimu amejengewa banda la kuku. Mnajua, hapo sikuwa na jibu la kihandisi. Kwa mama msingi ni kitu unachokionyesha. Mgeni anafika, unamwambia "msingi una kozi nane", anatikisa kichwa kwa heshima. Sisi tulikuwa tunataka kutumia hela yake kununua kitu kitakachofukiwa.

Na hela zenyewe hazikutosha. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Zege la jamvi la inchi nne kwa nyumba ya 6 kwa 6 ni kama mita za ujazo 3.6. Zege la nguzo zetu tisa halikufika hata 3. Zege halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba ukimwaga jamvi umeshapata na sakafu, ila ukienda kwa nguzo sakafu unainunua upya: vyuma vya kubebea, mbao ngumu za saruji za kutandika juu, na kazi ya kuvifunga. Ongeza uchimbaji wa mashimo tisa kwa mikono. Kwa bajeti yetu tofauti hiyo ilikuwa karibu sawasawa na chumba kimoja.

Kwa hiyo tulikata chumba. Nyumba ya 6 kwa 8 ikawa 6 kwa 6. Chumba kilichoondoka ni cha wageni, na mgeni mwenyewe ni mimi. Mama alipouona mchoro mpya aliuliza jambo moja tu: "Na wewe ukija utalala wapi?" Nikasema sebuleni. Akauchukua mchoro akaenda nao chumbani. Asubuhi akaurudisha, akasema, "Ngazi ziwe fupi. Na pawe na pa kushikia." Ndivyo mama yangu anavyosema ndiyo.

Ngazi ziliwekwa tatu, pana, kila moja kimo cha sentimita 15, na pembeni mteremko mrefu wa kupitisha hata kiti cha magurudumu siku ikibidi. Vyote havijashikana na nyumba. Vikipanda na kushuka na udongo vipande peke yao.

Nikapata kibali cha halmashauri, mzee akaja na vijana wawili, kazi ikaanza. Nguzo tisa, tatu kwa tatu, kila moja mita 3 kutoka kwa mwenzake. Shimo upana wa sentimita 80, kina mita 2.3. Chini kitako cha zege chenye nondo, juu nguzo ya sentimita 25 kwa 25 inayojitokeza nusu mita juu ya ardhi. Nguzo iliviringishwa nailoni ili udongo ukivimba usiikamate na kuivuta juu. Mashimo yakafukiwa kwa moramu na kushindiliwa. Nilitaka mchanga kwa kuwa ni rahisi, mhandisi akakataa: mchanga ungegeuza kila shimo kuwa kisima cha kukusanyia maji ya mvua, pale pale tusipoyataka.

Kitu kilichomtesa mzee ni bolti. Fremu inakuja na matundu tayari, ukikosea sentimita moja haingii. Akatengeneza kiolezo cha mbao chenye matundu kama ya fremu, akakilaza juu ya nguzo, bolti zikazama kwenye zege mbichi zikiwa zimeshikwa. Kisha akapima kona kwa kona. Mraba wa mita 6 ulalo wake ni mita 8 na sentimita 48 na nusu. Alipima ulalo wa kwanza, akapima wa pili, akapima tena wa kwanza. Alipoona zimelingana akakaa chini akawasha sigara.

Na bolti hizo zina kazi nyingine ambayo yule kijana wa mauzo hakunitajia. Sisi tunafikiri msingi kazi yake ni kubeba tu. Kwa nyumba nyepesi kazi yake ya pili ni kuishika isiondoke. Upepo wa kilomita 110 kwa saa ukipita juu ya paa unaweza kulivuta juu kwa karibu kilo 50 kila mita ya mraba, na paa la paneli lina uzito wa kama kilo 10 tu kwa mita hiyo. Sisi watu wa pwani tulikuwa tunadhani vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, mpaka Mei 2024 Hidaya ilipokuja kutubishia hodi upande wa Mafia. Nyumba ya mama ina tani 4. Zege lililo chini yake, ukilipima, lina karibu tani 7. Msingi ni mzito kuliko nyumba. Jina la habari hii limetoka hapo.

Tulifunga nyumba wiki ya mwisho ya Februari. Wale vijana walisema kweli, siku tano. Mama akahamia na makabati yake na picha ya marehemu baba. Tukaweka mifereji ya paa inayopeleka maji kwenye tanki, ili yasimwagike kandokando ya nguzo, na mama akapata maji ya kufulia. Karo la choo tulilipeleka mbali upande wa chini. Mwembe alioutaka karibu na dirisha ulihamishiwa mpakani, maana mti mkubwa hunyonya maji ya ardhini na kuuanika udongo upande mmoja. Hilo nalo lilikuwa ugomvi wa siku mbili.

Majirani walisema? Walisema. Banda la kuku walilitaja. Mmoja alimuuliza mama kama anaogopa mafuriko, huku tuko juu ya kilima.

Halafu masika ikaja. Mlio Dar na Pwani mnajua ilivyonyesha. Wiki ya pili ya Aprili sikulala vizuri, nikawa nampigia mama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, namwamkia, namuuliza habari za magoti, naogopa kuuliza ninachotaka kuuliza. Siku moja akanikatiza. "Unataka kuniuliza habari za mlango." Nikanyamaza. "Subiri," akasema. Nikasikia anatembea juu ya zile mbao za saruji, zina mlio wake. Nikasikia mlango unafunguliwa, unafungwa. Unafunguliwa tena, unafungwa tena. Kitasa kikalia "kacha" bila kusukumwa.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, nenda kazini."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Ile ardhi ya kuzunguka nyumba ilikuwa imevimba kweli. Ngazi zilikuwa zimeinuka upande mmoja, kipimo cha kidole kimoja, na pengo kati ya ngazi na nyumba si lile nililoliacha. Nyumba ilikuwa palepale. Mjomba alikuja na pima maji yake, akailaza sakafuni sebuleni, akaangalia povu, akaihamisha chumbani, akaangalia tena. Hakusema kitu. Baadaye wakati tunakunywa chai aliniuliza, kama vile mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama nina namba ya simu ya yule fundi wake wa zamani. Nikamwambia nitaitafuta.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkiulizwa mtaweka msingi gani, msijibu kwanza. Chimbeni. Shimo moja la siku moja ni chanzo chenu cha pili, na hakina kitu cha kuwauzia. Ukikuta mchanga mgumu, mwaga jamvi lako ulale salama na hela ibaki. Ukikuta nilichokikuta mimi, mtafute mhandisi kabla ya kumtafuta muuzaji, na uwe tayari kukizika chumba kimoja.

Cha kwangu kimezikwa Kibaha, kina cha mita 2.3. Nikienda nalala sebuleni kwenye mkeka, chini ya dirisha. Usiku upepo unapita chini ya sakafu, unausikia. Mama anasema ameshauzoea.